Gari la otomatiki linasumbua baada ya kubadilishwa oili na filta ya gia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu nyingi zinazonifikia hapa gereji Nakuru huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, gari lilikuwa sawa kabisa. Jana nimebadilisha oili ya gia, leo halitaki kupanda mlima." Wengine hupiga kutoka Kericho, Kisumu, Kakamega, hata Busia. Nimeyakusanya maswali yao hapa kwa sababu nimeona watu wakiuziwa giaboksi nzima ya mtumba kutoka Japani, na shida ilikuwa oili pungufu ya lita moja. Msimamo wangu ni mmoja: gari likianza kusumbua baada ya kazi, kagua kwanza kile kilichoguswa katika kazi hiyo. Giaboksi haiamki asubuhi moja na kufa bila sababu siku ile ile iliyofunguliwa.

Gia inateleza lakini gari linatembea. Naweza kuliendesha hivyo hivyo hadi mwisho wa wiki?

Hapana. Gia inapoteleza, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Maana yake klachi zilizo ndani ya giaboksi zinasuguana badala ya kushikana. Msuguano huo unazaa joto, na joto linachoma utando wa klachi. Kosa la oili pungufu linarekebishwa kwa nusu saa, lakini klachi zilizoungua hazirudi. Liegeshe hadi kiwango cha oili kijulikane.

Nipime vipi kiwango cha oili? Nimevuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) nikaona iko sawa.

Swali langu la kwanza huwa: uliipima injini ikiwa imezimwa au inanguruma? Wengi huipima kama oili ya injini, gari likiwa limelala usiku kucha, na hapo ndipo wanapodanganyika.

Kwa Toyota nyingi zenye dipstiki ya gia, utaratibu ni huu. Endesha gari dakika 15 au 20 hadi oili ya gia ipate joto; Toyota wanataka nyuzi 70 hadi 80. Egesha mahali tambarare kabisa, si kwenye mteremko wa lango lako. Vuta brekihendi, kanyaga breki, kisha ukiwa hapo hapo pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L na kuurudisha P, ukitulia sekunde chache kwenye kila nafasi ili oili ijaze njia zake zote. Acha injini ingurume. Sasa vuta dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ivute tena. Soma upande ulioandikwa HOT. Upande wa COLD ni wa kukadiria tu unapojaza.

Ikiwa upande mmoja wa dipstiki unaonyesha juu na mwingine chini, fuata ule wa chini. Oili iliyobaki kwenye kuta za bomba hupaka kile kijiti na kukupa matumaini ya uongo. Baada ya kujaza, subiri dakika kadhaa kabla ya kupima.

Honda ni tofauti. Otomatiki za kawaida za Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya sekunde 60 hadi 90 baada ya kuzima, gari likiwa na joto. Ukiipima Honda kwa mtindo wa Toyota utaongeza au utapunguza oili bila sababu.

Gari langu halina dipstiki ya gia kabisa.

Mengi ya miaka ya karibuni ni hivyo. Kiwango hupimwa chini ya gari, kupitia plagi ya kufurikia: oili ikiwa kwenye joto maalumu, injini inanguruma na gari limeinuliwa sawasawa pande zote nne, plagi inafunguliwa, na oili inatakiwa itoke kwa kudondoka. Ikibubujika kama mfereji imezidi, na isipotoka imepungua. Kwa Toyota zinazotumia oili ya WS, joto hilo ni karibu nyuzi 40, na husomwa kwa mashine ya kompyuta. Fundi aliyefanya kazi hii gari likiwa limepandishwa jeki upande mmoja, bila kupima joto, amebahatisha. Mwombe airudie, na usione haya kuomba.

Nijuaje kama niliwekewa oili kidogo au nyingi?

Kipimo kizuri ni ile iliyotoka. Mimi humimina oili kuukuu kwenye chupa tupu za soda za lita 2 na kuzipanga ukutani. Zikijaa moja na nusu, ndizo lita 3, na ndizo zinazorudi, ikiwa haikuwa inavuja kabla. Kwa magari mengi madogo, ukifungua plagi ya sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) hutoka kama lita 3 hivi, na nyingine kama hiyo au zaidi hubaki ndani ya konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na mabomba ya kupoozea. Kosa linalojirudia ni fundi kusoma kitabu, akaona ujazo mzima ni lita 6 au 7, akazimimina zote juu ya zile zilizobaki.

Oili iliyozidi inaleta dalili zinazofanana na oili pungufu, na hilo linawachanganya watu. Gia zinazozunguka zinaifikia na kuipiga hadi inatoa povu. Povu lina hewa, na hewa inabanwa. Shinikizo linashuka, gia inateleza. Wakati mwingine oili hutapikwa kupitia tundu la kupumulia, ikadondokea ekzosi, ukaona moshi chini ya gari. Ukivuta dipstiki ukakuta mapovu madogo kama ya sabuni, usiongeze chochote. Ziada hunyonywa kwa bomba la sindano kubwa lenye mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki.

Si ATF (oili ya gia za otomatiki) yoyote nyekundu inafaa?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, kwa sababu jibu la "ndiyo" limeua giaboksi nyingi eneo hili.

Rangi haikuambii kitu. Ni rangi tu waliyotia kiwandani ili uvujaji uonekane. Kinachobeba maana ni jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki yenyewe. Toyota za zamani zenye gia nne nyingi zinataka Type T-IV; zilizofuata zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Nissan wana Matic D, J na S. Honda walikuwa na Z1, wakahamia DW-1. Mitsubishi za otomatiki ya kawaida zinataka SP-III.

Halafu kuna CVT, na hapa naomba usome polepole. CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. ATF ya kawaida haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiitia kwenye CVT, mkanda unaanza kuteleza na kuikwaruza puli, na mkwaruzo ukishaingia hakuna oili itakayouondoa. Toyota zenye CVT zinataka CVT Fluid TC au FE kulingana na modeli, Nissan NS-2 au NS-3, Honda HMMF au HCF-2.

Shida ni kwamba magari yanafanana kwa nje. Fielder mbili zimeegeshwa Kondele, umbo moja, moja ina CVT na nyingine, ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne, ina gia nne za kawaida. Probox zilizotoka kabla ya mwaka 2014 ni otomatiki ya kawaida. Muundo mpya wa 2014 ulikuja na CVT. Kwa hiyo usimwambie muuza spea "ya Probox". Mwambie jina la oili, ama mpelekee namba ya chasisi.

Ukigundua umewekewa isiyo yake, usiwashe gari tena hata kulisogeza. Mwaga, jaza iliyo sahihi, endesha taratibu kidogo, mwaga tena, jaza tena. Hesabu yake ni hii: giaboksi ya lita 7 ukimwaga 3, oili mbaya inabaki sehemu 57 kwa 100. Ukirudia, inabaki 33. Mara ya tatu inabaki chini ya 20. Kwa CVT mimi sikubali kusimama kabla ya mara ya tatu.

Tangu filta ibadilishwe, gari linalia mluzi ambao hupanda na injini.

Pampu inavuta hewa. Kama kiwango cha oili ni sahihi, basi mkono wangu unaenda moja kwa moja kwenye filta.

Nakumbuka Toyota ndogo iliyoletwa kutoka upande wa Londiani ikiwa kwenye gari la kuvuta. Mwenyewe alikuwa mwalimu, amebeba karatasi ya gereji nyingine iliyomwambia anunue giaboksi. Nilimwaga oili kwenye beseni safi, nikashusha sampu, nikafungua filta mpya. Ilikuwa nzuri, oringi yake mpya (pete ya mpira ya kuzibia) ipo. Nikaingiza kidole cha shahada kwenye tundu ambamo shingo ya filta huingia, nikahisi ukingo laini usiostahili kuwepo. Nikauvuta kwa ndoano ya waya: oringi ya filta ya zamani, imekauka, imekuwa nyeusi na bapa kama utepe. Ile mpya ilikuwa imesukumwa juu yake, ikakaa upande, na pengo dogo likaachwa kwa ndani. Pampu ilikuwa ikinyonya hewa kupitia pengo hilo, tena zaidi gari likipanda mlima, kwa kuwa oili huhama ndani ya sampu. Nilisafisha, nikaweka oringi moja, nikarudisha oili. Mluzi ukaisha pale pale, na gari likaondoka likijiendesha.

Kwa hiyo ukibadilisha filta, hesabu: oringi moja kuukuu imetoka, moja mpya imeingia. Ile kuukuu usipoiona mkononi, iko juu.

Nimeweka D, gari halitoki kabisa. R pia hakuna kitu.

Angalia kiwango kwanza. Baada ya sampu kushushwa, pampu na njia zake zinaweza kuwa tupu, na giaboksi huhitaji muda mfupi wa kunguruma na kupitishwa gia zote kabla haijashika. Ikiwa kiwango ni sawa na bado hakuna kitu, uliza kama oili iliingizwa tundu lenyewe. Nimeshaona ikimiminwa kwenye injini.

Kitu cha pili ni waya wa mkono wa gia. Wakati mwingine hufunguliwa ili sampu ipite, ukarudishwa vibaya. Dalili yake ni gari kusogea ukiwa kwenye N, au taa ya dashibodi kuonyesha herufi tofauti na mahali mkono ulipo.

Gari limekwama gia moja, taa ya O/D OFF inapepesa.

Hapo kompyuta imejilinda. Imeona hitilafu ya umeme, ikaifungia giaboksi kwenye gia moja ili ufike nyumbani. Mara nyingi baada ya kazi ya sampu sababu ni plagi ya solenoidi (valvu ndogo ya umeme) isiyobonyezwa hadi ikalia "tak", au waya uliobanwa na filta. Mimi mwenyewe nimewahi kuacha plagi moja ikiwa imeingia nusu, na mteja akarudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo huzivuta zote kwa kidole kabla ya kufunga sampu.

Pima kwa mashine ya kompyuta, nayo itakupa kodi, yaani namba za hitilafu. P0700 inasema tu kwamba kuna jambo upande wa gia. Tafuta kodi iliyo pamoja nayo. P0750 inaelekeza kwenye solenoidi A, na kwa siku ya kwanza baada ya kazi, naanza na waya wake. P0730 inamaanisha gia iliyoombwa sio iliyopatikana, na hiyo inaweza kuletwa na oili tu. P0741 inahusu kufunga kwa konvata. Usikubali kufuta kodi kabla ya kuziandika.

Asubuhi liko sawa, lakini likipanda Kericho linaanza kuteleza.

Barabara zetu ni mtihani wa kweli wa giaboksi. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na Kericho takriban 2,000. Baada ya tambarare ya Ahero na mashamba yake ya mpunga, unapanda bila kupumzika hadi kwenye chai. Anayeelekea Eldoret kutoka Nakuru anakutana na Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na udhaifu wowote wa shinikizo unajitokeza hapo.

Kwanza pima kiwango oili ikiwa moto, kwani iliyopimwa baridi kwa makosa huonekana upungufu wake mlimani. Pili, hakikisha mabomba ya kupoozea oili yanayokwenda kwenye rejeta hayakubanwa wala kukunjwa wakati wa kazi. Tatu, filta ya bei ya chini yenye kitambaa kizito kupita kiasi inaweza kuinyima pampu oili. Kama yote matatu ni safi, na kabla ya kubadilisha oili gari lilikuwa tayari linasita mlimani, basi klachi zimechoka. Oili mpya haikulileta tatizo hilo.

Kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa linatetemeka kama linapita juu ya mabati.

Hiyo ni klachi ya ndani ya konvata ikijaribu kufunga na kuteleza, kufunga na kuteleza. Likitokea mara tu baada ya huduma, shuku oili isiyo na sifa zinazotakiwa. Badilisha kwa iliyo sahihi mara mbili kabla hujaruhusu mtu kushusha giaboksi.

Watu husema oili kuukuu ndiyo inayoshikilia gia, na mpya inaiua. Kweli?

Kuna chembe ya ukweli ndani yake, na ni haki kuieleza. Gari lililokwenda miaka mingi bila huduma lina unga wa klachi ndani ya oili. Ukilisukuma kwa mashine ya kuosha kwa shinikizo, uchafu uliokuwa umetulia unaweza kwenda kuziba njia nyembamba za valvu. Ndiyo maana gari kama hilo humwagwa kwa plagi, kidogo kidogo, kwa awamu kadhaa, bila kuoshwa.

Lakini mara nyingi ninapouliza vizuri, mwenye gari anakiri kwamba alibadilisha oili kwa sababu gia ilikuwa imeanza kusumbua. Ugonjwa ulitangulia dawa.

Sumaku za sampu zilikuwa na tope la kijivu. Nimekwisha?

Tope laini kama unga wa penseli ni uchakavu wa kawaida. Futa sumaku na uzirudishe mahali pake. Vipande vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole, au nyuzi za chuma zinazong'aa, hizo ni habari nyingine. Zipige picha kabla ya kusafisha.

Sampu inavuja tangu ifungwe.

Bolti za sampu hukazwa kwa nguvu ndogo mno, karibu niutoni-mita 8 kwa Toyota nyingi, tena kwa kuruka upande huu na ule. Fundi anayezikaza kama nati za gurudumu hupinda ukingo wa bati, na gasketi hutoka nje. Unyooshe ukingo kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao, weka gasketi mpya. Ikiwa gasketi ni ya mpira, silikoni haihitajiki. Mabaki yake hukatika ndani na kusafiri hadi kwenye filta.

Mimi nina Subaru.

Basi hakikisha ni plagi ipi iliyofunguliwa. Otomatiki nyingi za Subaru zina oili ya gia na oili ya difu ya mbele katika vyumba viwili tofauti, kila kimoja na plagi na dipstiki yake. Kwenye zile za CVT, kuna waliomwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza oili ya injini juu ya iliyokuwepo. Gari likabaki na injini iliyojaa kupita kiasi na gia isiyo na kitu. Tena Forester nyingi za zamani zina filta ya nje ya kuzungusha, inayofanana na ya injini, upande wa kushoto mbele. Ukiambiwa "nimebadilisha filta ya ndani" tu, uliza kuhusu hiyo.

Oili imekuwa ya pinki, nzito, kama maziwa lala.

Imeingiwa na maji. Ama kipoozeo cha oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, ama gari lilipita kwenye mafuriko na maji yakaingia kwa tundu la kupumulia. Msimu wa mvua upande wa Nyando hupokea magari ya namna hii. Maji hulegeza gundi ya klachi. Usiliwashe.

Likivutwa hadi gereji, livutwe vipi?

Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, inua mbele. Linaloendeshwa na yote manne lipande juu ya lori la kubebea. Kulivuta kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakizunguka, injini imezimwa, ni kuzungusha giaboksi bila oili, kwa sababu pampu huendeshwa na injini.

Nikirudi kwa fundi niende na nini?

Makopo matupu ya oili aliyotumia, filta kuukuu, picha ya sumaku, na kodi zilizoandikwa. Mweleze lini hasa linasumbua: likiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, D au R. Kisha mwombe apime kiwango cha oili mbele yako, kabla hajataja bei ya kitu chochote.